KUPIMA KIDONDA CHA KISUKARI KWA SIMU: FAIDA NA MIPAKA YAKE

Katika madhara yote yaletwayo na ugonjwa wa kisukari, kukatwa mguu ndiko kunakoogopwa zaidi na wananchi. Hofu hiyo ina sababu. Mkulima wa viazi wa Umalila mkoani Mbeya, au wa mahindi huko Kilolo mkoani Iringa, hulima katika miteremko mikali, hubeba mizigo na hutembea mwendo mrefu kufika barabara kuu. Mtu wa namna hiyo akipoteza mguu hupoteza pamoja nao shamba lake, na watu wote wanaomtegemea hupoteza mlezi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari haiharibiki kwa siku moja. Huanza na kidonda kidogo ambacho mwenyewe hakukijali, kwa kuwa hakikumwuma. Kati ya siku kidonda hicho kinapoonekana na siku mgonjwa anapofikishwa kwa daktari wa upasuaji hupita majuma mengi, na mara nyingi katika majuma hayo huulizwa swali moja tu: je, kidonda kinapona au hakiponi? Mgonjwa husema kina nafuu. Mhudumu wa zahanati hukitazama na kuandika kwenye kadi kwamba kinaendelea vizuri. Siku inapobainika kwamba hakikuwa kinaendelea vizuri, mfupa umekwisha kuoza.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa nchi mbalimbali wametengeneza programu za simu za mkononi zinazoweza kupima ukubwa wa kidonda kutokana na picha. Makala hii inaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, makosa yanayoweza kukiharibu, na masharti yanayopaswa kutimizwa ili kiwafae wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini.

KWA NINI MGUU HUATHIRIKA

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mishipa mirefu kuliko yote, yaani ile inayofika kwenye nyayo, ndiyo hutangulia kuharibika. Mguu hufa ganzi. Mgonjwa hukanyaga mwiba au msumari asihisi, na huvaa mabuti yanayombana kutwa nzima asijue kwamba ngozi imechubuka. Katika miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ya Mbeya na Iringa inapowafanya watu waote moto jioni, mguu uliokufa ganzi unaweza kuungua karibu na makaa mwenyewe akiendelea kuzungumza. Watafiti wa Dar es Salaam walioongozwa na Dakta Zulfiqarali Abbas waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasihisi chochote mpaka asubuhi.

Aidha, kisukari huziba mishipa ya damu, hivyo chakula na hewa havifiki mguuni kwa kiasi cha kutosha kuponya jeraha. Sukari nyingi pia hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu. Mambo haya matatu, yaani ganzi, upungufu wa damu na vijidudu, yanapokutana mahali pamoja, jeraha la ukubwa wa punje ya mahindi laweza kuwa donda ndugu.

Elimu ya mguu uliokufa ganzi ilitokana kwa sehemu kubwa na ugonjwa wa ukoma. Daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma havikuwa vinaanguka vyenyewe, bali viliharibiwa na majeraha ambayo wagonjwa hawakuyahisi. Baadaye aliendelea na kazi hiyo Carville, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, ambako maarifa hayo yalitumika pia kwa wagonjwa wa kisukari. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba kidonda cha wayo hakiponi kikiendelea kukanyagiwa. Dawa yake ya kwanza ni kukiondolea uzito, kwa mfano kwa kuufunga mguu plasta ngumu kama ile ya mfupa uliovunjika, ili uzito wa mwili usambae pande zote. Jambo hili lafaa kukumbukwa hadi mwisho wa makala, kwa kuwa hakuna simu inayoweza kulifanya.

UKUBWA WA TATIZO NCHINI TANZANIA

Zamani kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa matajiri na wa watu wa mijini. Uchunguzi wa Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, uliotangazwa mwaka 1989, ulifanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kukuta kwamba wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na sukari iliyozidi. Ingawa njia za upimaji za chunguzi hizo mbili hazilingani katika kila jambo, ni dhahiri kwamba hali imebadilika sana.

Kuhusu miguu, taarifa iliyotolewa mwaka 2002 na Dakta Abbas na wenzake kutoka Dar es Salaam ilieleza habari za wagonjwa 627 wa kisukari. Wagonjwa 92 kati yao walikuwa na vidonda vya miguu, na 30 kati ya hao 92 walikatwa kiungo. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ni wale waliofika na vidonda vibaya kabisa na wasifanyiwe upasuaji: zaidi ya nusu yao walifia hospitalini. Kilichowaua wengi wao si kukosekana kwa maarifa ya tiba, bali kuchelewa.

Kutokana na hali hiyo ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi ulioitwa Step by Step, yaani hatua kwa hatua, uliofanywa Tanzania na India. Madaktari na wauguzi kutoka mikoani walifundishwa wakiwa wawili wawili kutunza mguu wa kisukari, nao wakarudi kuwafundisha wengine. Taarifa za mradi huo zilionyesha kwamba pale wahudumu walipopewa ujuzi na vifaa vichache, vidonda vibaya na ukataji wa miguu vilipungua. Hapakuwa na simu janja katika mradi huo. Palikuwa na mikono iliyofundishwa, visu vya kuondolea sugu, na nyuzi za nailoni za kupimia ganzi.

UMUHIMU WA NAMBA

Ikiwa mikono iliyofundishwa ndiyo iletayo nafuu, kipimo cha simu kinaongeza nini? Jibu ni kwamba kinaongeza uwezo wa kulinganisha leo na juzi.

Jicho la binadamu hutambua haraka rangi na usaha, lakini halina kumbukumbu nzuri ya ukubwa. Kidonda kilichosafishwa kikawa chekundu huonekana kimepona nusu, hata kama kingo zake hazijasogea. Isitoshe, mhudumu aliyekiona juma lililopita huenda yuko likizo, na wa leo anakiona kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2003 Peter Sheehan na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 203 wenye vidonda vya miguu vya kisukari. Walipima eneo la kila kidonda mwanzoni, kisha wakalipima tena baada ya majuma manne. Wagonjwa ambao vidonda vyao vilipungua kwa zaidi ya asilimia 53 katika majuma hayo manne, 58 katika kila 100 walipona kabisa kufikia juma la 12. Wale ambao vidonda vyao vilipungua kidogo kuliko hapo, ni 9 tu katika kila 100 waliopona. Tangu wakati huo wataalamu wengi wameshika kanuni moja nyepesi: kidonda kisichopungua kwa nusu katika majuma manne, ingawa kinatunzwa, kinahitaji kuchunguzwa upya na mtu mwenye ujuzi zaidi.

Mfano mmoja utaeleza maana ya kanuni hiyo. Mgonjwa amefika zahanati akiwa na kidonda cha sentimita za mraba 6.0. Juma la kwanza kimepungua kikawa 5.6, la pili 5.2, la tatu 4.9, na la nne 4.6. Kila juma mhudumu ameona kinapungua, naye amemwambia mgonjwa aendelee vivyo hivyo. Lakini kutoka 6.0 hadi 4.6 ni upungufu wa asilimia 23 tu. Kwa kanuni hii, mgonjwa huyo alipaswa kupelekwa hospitali kubwa, ingawa jicho lilikuwa likisema ana nafuu. Pengine damu haifiki mguuni, pengine mfupa umeingiliwa na vijidudu, au pengine mgonjwa anaendelea kukanyagia kidonda shambani. Namba haisemi ni lipi kati ya hayo. Inachosema ni kwamba lipo jambo, na kwamba halifai kungojewa.

Ni lazima kuonya hapa kwamba majuma manne ni ya kidonda kilichotulia. Kidonda chenye usaha, harufu mbaya, weusi, au uvimbe unaopanda juu, au mgonjwa mwenye homa, hakingojewi hata siku mbili.

RULA NA KARATASI YA VIJIMRABA

Kipimo cha kawaida katika hospitali nyingi ni rula. Mhudumu hupima urefu wa kidonda na upana wake, kisha huzidisha. Njia hii ni rahisi, lakini hukifanya kila kidonda kuwa cha pembe nne. Kidonda cha umbo la yai chenye urefu wa sentimita 3 na upana wa sentimita 2 huandikwa kuwa cha sentimita za mraba 6, hali eneo lake halisi ni 4.7 hivi. Kosa hilo ni zaidi ya robo ya eneo halisi. Ni sawa na mtu anayepima shamba la duara kana kwamba ni uwanja wa mpira, akajikuta analipa vibarua kwa ardhi isiyokuwapo.

Njia ya pili ni kuweka karatasi safi ya plastiki inayopenya mwanga juu ya kidonda, kuchora kingo zake kwa kalamu ya wino, kisha kuiweka plastiki hiyo juu ya karatasi yenye vijimraba vya sentimita na kuvihesabu. Vijimraba vilivyoguswa nusu au zaidi huhesabiwa, na vilivyoguswa chini ya nusu huachwa. Kadiri vijimraba vilivyo vidogo, ndivyo hesabu inavyokaribia ukweli. Kipimo hiki ni sahihi kuliko rula, hakihitaji umeme, na chaweza kufanywa katika zahanati yoyote. Upungufu wake ni kwamba huchukua muda, hugusa kidonda, na mchoro hubaki katika faili la zahanati ile ile. Daktari aliye mbali hauoni.

JINSI SIMU INAVYOPIMA

Simu hufanya kazi ile ile ya kuhesabu vijimraba, isipokuwa vijimraba vyake ni vidogo mno. Picha ya simu imeundwa kwa nukta nyingi sana ziitwazo pikseli. Picha peke yake haiwezi kusema kitu ni kikubwa kiasi gani, kwa sababu kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali huweza kujaza nafasi sawa. Kwa hiyo huwekwa kando ya kidonda alama ya karatasi ambayo ukubwa wake unajulikana.

Ikiwa alama ina upande wa sentimita 2, na katika picha upande huo umechukua pikseli 200, basi kila sentimita moja ni pikseli 100, na kila sentimita moja ya mraba ni pikseli 100 mara 100, yaani 10,000. Kisha kingo za kidonda huchorwa kwa kidole juu ya kioo cha simu, au programu yenyewe huzitafuta kwa kutofautisha rangi ya kidonda na ya ngozi. Ikiwa ndani ya mchoro zimo pikseli 47,000, eneo la kidonda ni sentimita za mraba 4.7. Hesabu hiyo hufanywa mara moja, na picha huhifadhiwa pamoja na tarehe.

Programu za namna hii ni nyingi. Imito ya Uswisi hutumia alama ya karatasi. Swift ya Kanada hutumia kibandiko kinachosaidia pia kusahihisha rangi. Katika chuo cha Worcester Polytechnic Institute, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wahandisi walieleza mwaka 2015 juu ya sanduku lenye vioo viwili ambalo mgonjwa huweka mguu juu yake, na simu ikapiga picha ya wayo kwa kupitia vioo hivyo. Uvumbuzi huo ulijibu tatizo la kweli: mtu mzima mwenye kisukari, ambaye pengine macho yake pia yamepungua nguvu, hawezi kuona wayo wake mwenyewe, seuze kuupiga picha.

MAKOSA YANAYOWEZA KUHARIBU KIPIMO

Namba iliyotoka kwenye mashine huaminiwa upesi, hivyo inafaa kujua inavyoweza kudanganya.

Kosa la kwanza ni la pembe. Picha ikipigwa kwa mshazari wa nyuzi 30, eneo huonekana dogo kwa asilimia 13 hivi. Alama iliyolala sambamba na kidonda husaidia kusahihisha kosa hilo, maana nayo huonekana imepungua kwa kiasi kile kile. Lakini alama ikiwekwa juu kuliko kidonda, kosa jipya huzaliwa. Simu ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye kidonda, na alama imeinuka sentimita 2 kuelekea simu, eneo la kidonda litaandikwa dogo kwa karibu asilimia 19. Mgonjwa ataambiwa amepata nafuu, kumbe kilichobadilika ni mahali pa karatasi.

Kosa la pili ni la umbo la mguu. Kisigino na ubavu wa mguu ni mviringo, na picha huvifanya kuwa bapa. Kidonda kinachozunguka kisigino hupimwa pungufu. Dawa yake ni kupiga picha kwa namna ile ile kila mara, ili hata kama namba ina kosa, kosa liwe moja na mabadiliko yaonekane.

Kosa la tatu ni la mwanga na rangi. Ndani ya nyumba yenye taa hafifu kidonda chekundu huonekana cheusi. Aidha, programu zinazotafuta kingo zenyewe zilifundishwa kwa maelfu ya picha za vidonda, na nyingi za picha hizo zilitoka Ulaya na Marekani. Mkusanyo mmoja mashuhuri wa picha 4,000, uliotumika mwaka 2020 katika mashindano ya kimataifa ya wataalamu wa kompyuta, ulitoka katika hospitali za Lancashire, Uingereza. Katika ngozi nyeusi wekundu unaoashiria vijidudu hauonekani kama unavyoonekana katika ngozi nyeupe. Huonekana zaidi kama weusi wa kung'aa, uvimbe na joto. Programu isiyofundishwa kwa picha za watu weusi yapaswa kujaribiwa hapa nchini kabla ya kuaminiwa.

Kosa la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kina. Picha huona uso wa kidonda tu. Kidonda chenye mdomo mdogo kinaweza kuwa na pango linalofika kwenye mfupa. Daktari hulitambua kwa kuingiza taratibu chuma chembamba kisafi kisicho na ncha kali. Kikigonga kitu kigumu, kuna shaka kubwa kwamba mfupa umeingiliwa. Vivyo hivyo, picha haipimi mapigo ya damu juu ya wayo, wala haihisi joto. Kidonda kinachofunga juu huku kikioza chini kitaandikwa na simu kuwa kinapona.

TAFITI ZA NCHI NYINGINE ZINAFUNDISHA NINI

Nchini Denmark ulifanywa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, ambamo wagonjwa 374 wenye vidonda vya miguu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilihudhuria kliniki kama kawaida. Kundi la pili lilitunzwa kwa sehemu kubwa nyumbani na wauguzi waliotuma picha na maelezo kwa wataalamu wa hospitali. Uponyaji wa vidonda na ukataji wa viungo haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika. Lakini katika kundi la picha walikufa wagonjwa 8, na katika kundi la kliniki mmoja. Sababu ya tofauti hiyo haikubainika, na inafaa kuhadhari: mtaalamu anayetazama picha ya kidonda anaweza asimwone mtu mwenye kidonda, ambaye huenda moyo wake au figo zake ndizo zilizo katika hatari.

Nchini Norway, uchunguzi wa wagonjwa 182 uliotangazwa mwaka 2018 ulikuwa na matokeo ya kutia moyo zaidi. Waliotunzwa kwa njia ya picha walipona kwa muda uliokaribiana na wa wenzao, na waliokatwa viungo walikuwa wachache zaidi: 6 kati ya 94, wakati katika kundi la kawaida walikuwa 13 kati ya 88. Huko wauguzi wa vijijini walifundishwa utunzaji wa vidonda na waliwasiliana mara kwa mara na wataalamu wa hospitali. Simu ilikuwa njia ya kupitishia ujuzi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

Kwa hiyo tafiti hizi mbili hazitoi hukumu moja juu ya simu. Zinaonyesha kwamba kipimo ni kizuri kwa kadiri ya hatua inayokifuata.

MBEYA NA IRINGA

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya milima na ya umbali. Kutoka Iringa hadi Mbeya kwa barabara kuu, kupitia Mafinga, Makambako na Igawa, ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Mbeya hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya pande zote hizo, ikiwamo Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016. Katika majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, barabara nyingi za vijijini huwa tope, nayo ndiyo miezi ya kulima, ambapo mkulima huona vigumu zaidi kuacha shamba.

Katika mazingira hayo mgonjwa hawezi kusafiri kila juma ili daktari akitazame kidonda chake. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na nauli ya ndugu anayemsindikiza humaliza fedha za mbolea. Matokeo yake ni kwamba huenda mara moja, akakaa miezi miwili bila kuonekana, kisha akaletwa akiwa amebebwa. Kipimo cha simu kinachofanywa zahanati ya kijijini kinaweza kutenganisha makundi mawili: wale wanaopona, ambao wanaweza kubaki karibu na nyumbani bila kupoteza nauli, na wale wasiopona, ambao nauli yao inapaswa kutafutwa leo. Hapo ndipo faida ya kweli ilipo. Simu haifupishi barabara ya kwenda Mbeya, lakini inaweza kuonyesha ni nani apandishwe basi kwanza.

Ili jambo hilo litimie yanahitajika mambo kadhaa. Kwanza, kila picha iwe na mpokeaji anayejulikana, mwenye wajibu wa kujibu katika muda uliowekwa. Picha inayotumwa kwa kikundi cha watu wengi huonwa na wote na kujibiwa na yeyote, maana yake pengine na hakuna. Pili, uamuzi uandikwe mapema: kidonda kisichopungua nusu kwa majuma manne kipelekwe ngazi ya juu, bila kungojea maoni mapya. Tatu, simu iwe ya zahanati na si ya mhudumu, ili kumbukumbu zisihame pamoja naye anapohamishwa. Nne, programu iweze kuhifadhi kipimo mahali pasipo na mtandao, na kukituma baadaye. Picha zinazotumwa kwa njia za kawaida kama WhatsApp hupunguzwa ukubwa, hivyo zafaa kutazamwa lakini hazifai sana kupimwa.

Tano, siri ya mgonjwa ilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inahusu pia habari za afya. Picha iwe ya mguu peke yake, ibebe namba ya mgonjwa badala ya jina, na ipigwe baada ya mgonjwa kuelezwa na kukubali.

Sita, na hili ni la msingi, viwepo vya kutibia. Zahanati yenye simu lakini isiyo na pamba safi, dawa ya kuua vijidudu, wala njia ya kuondolea mguu uzito, itapima kwa usahihi mkubwa jinsi kidonda kinavyozidi kuwa kibaya.

MAMBO AMBAYO MGONJWA NA NDUGU ZAKE WANAWEZA KUFANYA

Mgonjwa wa kisukari hahitaji kungojea simu yoyote ili kuilinda miguu yake. Aitazame kila siku, pamoja na katikati ya vidole na chini ya nyayo. Asiyeona vizuri atazamiwe na mke, mume au mjukuu. Avae viatu visivyobana, na kabla ya kuvivaa akung'ute ndani kwa mkono ili kuondoa kokoto. Asitembee pekupeku, hata uani. Anapoota moto, akae mbali kuliko wenzake, kwa kuwa mguu wake hautamwonya. Sugu asizikate mwenyewe kwa wembe.

Ganzi inaweza kupimwa nyumbani kwa njia iliyobuniwa Ipswich, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2011. Mgonjwa hufumba macho. Ndugu yake humgusa taratibu kwa ncha ya kidole chake, kwa muda wa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha tatu na cha tano, kwa miguu yote miwili. Kila anapohisi, mgonjwa husema. Asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, miguu yake imo hatarini na inapaswa kuchunguzwa kliniki hata kama haina kidonda.

Kidonda kikitokea, apelekwe zahanati siku ile ile au inayofuata, wala asisubiri maumivu, kwani huenda maumivu yasije kabisa. Baada ya kidonda kupona, uangalizi usikome. Tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa 40 hivi kati ya kila 100 waliopona hupata kidonda kingine katika muda wa mwaka mmoja.

Mwisho, kila anayetunza kidonda, mwenye simu au asiye nayo, aandike ukubwa wake na tarehe siku ya kwanza. Zahanati isiyo na programu itumie plastiki na karatasi ya vijimraba. Chombo kinaweza kutofautiana, lakini bila kipimo cha siku ya kwanza hakuna mtu atakayeweza kusema, majuma manne baadaye, kama mguu huo unapona au unapotea.